Barafu ya Kadutu

Mimi ndiye niliyeosha chupa zake
miaka ishirini na minane, Muhungu, chumba cha mwisho,
mara tatu kwa maji ya bomba, mara moja kwa maji ya mvuke,
naye Dokta Cibalonza akiinua kila bilauri dirishani
kutafuta alama ya kidole changu.
Akiipata, ananirudishia bila neno.

Siku ya kwanza alinipa wembe na papai bichi.
"Usikate. Chanja."
Utomvu ukatoka mweupe, ukaniwasha hadi kiwiko,
na jioni ngozi ya vidole ilikuwa laini kama ya kichanga.
Nikamwonyesha. Akacheka:
"Basi kimeanza kukula wewe."
Hivyo ndivyo nilivyojuana na kimeng'enya.
Nilidhani ni dawa, kumbe ni mkasi,
mkasi mdogo kuliko vumbi,
unakata, unakata, na makali yako palepale.

Mama yake alifunga nyama ya beberu
ndani ya majani ya mpapai tangu asubuhi,
jioni wazee wasio na meno walikula wakaomba tena.
Hili alilisema Ulaya, mbele ya maprofesa:
mwalimu wangu wa kwanza alikuwa sufuria.
Sijui kama walicheka. Hakunieleza.

Protini alinifundisha kwa kitenge chake.
"Huu ni uzi, Birindwa. Uzi mtupu hauna kazi.
Ukunje hivi, una mkono wa kushika.
Kosea mkunjo mmoja, una kitambaa cha kupangusia meza."
Nikakunja, akakunjua. Nikakunja tena.
Mpaka leo sikunji shati
bila kujiuliza nimetengeneza nini.

Kisha usiku ule umeme uliondoka
bila kuaga. Kule Ruzizi milio,
na ndani ya friji miaka tisa ya mwanamke mmoja
ikianza kutoa jasho.
Yai likishaiva halirudi ubichi, alisema,
akakaa chini sakafuni, viatu mkononi.

Nikateremka Kadutu kwa miguu, matope hadi magotini,
nikagonga kwa Mama Nshobole, muuza sambaza.
Barafu yake ilikuwa ndani ya gunia la mchele, chini ya kitanda.
"Nani amekufa?" akauliza.
Nikamwambia: bado, ila usiku ni mrefu.
Hakuuliza tena. Akapasua donge kwa mchi,
akanipa nusu kubwa.

Kulipokucha sambaza wake walikuwa wameoza.
Vichupa vyetu vilikuwa hai, kumi na saba kati ya arobaini.
Tulimlipa. Hatukumlipa.

Ndipo Dokta akaacha mapapai, akageukia samaki:
ngozi na magamba ya tilapia yanayotupwa Nguba,
loweka, chuja, loweka, mimi na harufu yangu
nyumbani mke akinilaza karibu na mlango.
Ikatoka kolajeni, tukaimimina ikawa utando,
mwembamba, ukiuweka juu ya gazeti unasoma habari.
Utando wa kufunika jeraha la moto.
Ulishika kwa panya. Ulishika kwa mbuzi.

Mjukuu wa Mama Nshobole alimwagikiwa uji Januari.
Karatasi ya ruhusa kutoka Kinshasa
ilifika Agosti, na mihuri minne.
Mtoto alikuwa ameshapona, kwa namna yake,
shingo imevutwa upande kama anasikiliza kitu.
Dokta alikwenda kumwona. Alirudi
akaosha chupa zote mwenyewe, hata zilizo safi.

Sasa wengine wanautumia, Panzi, wagonjwa sita, kisha kumi.
Jina lake liko kwenye makala, la tatu kutoka mwanzo.
La Nshobole haliko. Langu haliko,
na sijui lingewekwa wapi.

Ijumaa amestaafu. Hotuba, fanta, kofia ya kubandika.
Watu walipotawanyika akaingia chumba cha mwisho,
akachukua bilauri rafuni, akaiinua dirishani.
Niliiona kutoka mlangoni: kidole gumba changu,
duara juu ya duara, wazi kabisa.
Nikanyoosha mkono niirudie.

Akaifunga ndani ya kitenge,
mkunjo, mkunjo, mkunjo,
akaitia mkobani.